Jina la Mchunga Ng'ombe

Siku ya soko Litein, Rodah aliletwa nyumbani kwa mkokoteni. Mwenye mkokoteni alikuwa ametoka kushusha viazi, na magunia yake matupu aliyatandika chini ili mama wa watu asiumie mgongo. Miguu ilining'inia nje. Kiatu kimoja hakikuwepo. Njia ya kwenda kwao inapita mbele ya kituo cha majani chai, na alasiri hiyo watu walikuwa wamepanga foleni na vikapu vyao wakingoja gari la kiwanda, kwa hiyo hakuna ambaye hakuona.

"Si huyo ni bibi ya Mzee Isaiah?"

"Isaiah yupi? Wa kanisa?"

"Huyo huyo."

"Wei! Na juzi tu walimwombea mpaka akaanguka chini."

Chemutai, binti yake, alikuwa anaanua nguo. Alimshukuru mwenye mkokoteni bila kumtazama usoni, akamshika mama yake kwapani, akamwingiza jikoni na kuanza kumuosha. Hakulia. Alikuwa mwalimu wa nasari, mwenye kuosha watoto wa watu kila siku, na mikono yake ilifanya kazi ile ile kwa namna ile ile: uso, shingo, mikono, miguu. Rodah, akinuka pombe, alicheka kidogo, akaomba maji, kisha akalala.

Isaiah Kipkosgei alifika akiwa bado amevaa koti la mkutano. Njiani watu watatu tofauti walikuwa wamemsalimia kwa upole uliozidi, akajua kabla hajafika.

"Ameletwa na nani?"

"Na mtu wa mkokoteni, Baba."

"Amempitisha wapi?"

Chemutai alichovya kitambaa majini.

"Nimeuliza amempitisha wapi."

"Barabara kubwa. Kwa kituo cha majani."

Isaiah aliketi kwenye kigoda cha mkewe. Alikuwa mtu mrefu, na pale chini magoti yake yalikaribia kidevu. "Watu wa Sigor wanakuja mwezi wa kumi na mbili," akasema. "Siku ya koito ni mama ndiye anapokea wageni. Baba anakaa tu na kofia. Sasa nitawaambia mama amelala wapi?"

Chemutai aliendelea kukamua kitambaa. Ni yeye aliyekuwa anaolewa, na koito ndiyo siku ya watu wa kijana kuja kupatana mahari, lakini hakuna aliyemuuliza.

* * *

Rodah alikuwa akifanya kazi kwa mama mmoja Mhindi, mjane, ambaye mji mzima ulimwita Mama Hansa. Hansa lilikuwa jina lake mwenyewe; baba yake aliuza vitambaa na mabati Litein tangu zamani, naye alizaliwa nyuma ya duka hilo. Wahindi wengine walihama mmoja mmoja, watoto wake wakaenda zao Nairobi na Leicester, duka akalipangisha kwa wauza simu, yeye akabaki katika vyumba vya nyuma na mimea yake iliyopandwa kwenye mikebe ya rangi. Alijua Kipsigis cha kununulia maziwa na kugombana na watu wa boda boda.

Asubuhi moja, siku chache baada ya mkokoteni, alitaka siki ya kung'arishia taa zake za shaba. Akainama chini ya sinki, akatoa chupa ya plastiki iliyokuwa nyuma ya sabuni, akafungua, akanusa. Rodah alikuwa amepiga magoti sakafuni na dekio mkononi. Walitazamana.

"Hii si siki," Mama Hansa akasema.

Rodah aliweka dekio chini. Alivua aproni, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya meza. Alijua namna ya kufukuzwa kazi, alikuwa amefukuzwa kwingine.

"Naenda, Mama. Pole."

"Unaenda wapi? Sakafu iko nusu."

"Nilifikiri umenifuta."

"Mimi nimesema nimekufuta?" Mama Hansa alimwaga kile kitu kwenye sinki, akafungulia maji mpaka harufu ikaisha. Kisha akaketi, maana magoti yalimsumbua. "Unajua mimi nilikuwa nakula tumbaku? Tangu niko msichana. Naficha hapa," akashika pindo la sari yake. "Bwana yangu hakujua mpaka meno imekuwa nyeusi. Alinipigia kelele. Mama yake alinipigia kelele. Mimi naapa, naacha, wiki moja, halafu naenda chooni nakula huko huko chooni, kama panya."

Rodah alikuwa hajawahi kusikia mtu mzima akisema jambo kama hilo bila kulia na bila kushika maikrofoni.

"Na uliachaje?"

"Mama yangu alinipatia hii." Kutoka katika kifuko cha kitambaa alitoa mkufu mrefu wa shanga za mti, nyepesi, zilizolainika kwa kushikwa. "Alisema, hakuna mtu anakukataza tumbaku. Lakini ukiitaka, zungusha hii kwanza, shanga moja jina moja la Mungu, mpaka umalize. Ukimaliza, kama bado unataka, kula. Basi. Siku mingi nilimaliza na nikakula. Halafu siku ingine nilimaliza na sikukula. Mdomo ukizoea kitu tamu, ile chungu inaanza kuonekana chungu."

"Jina gani?"

"Wewe ni mtu wa kanisa. Ita wako." Akampa shanga pamoja na kifuko chake.

Rodah alijaribu. Kila asubuhi, kabla ya kazi, Mama Hansa alioga, akachuma maua kwenye mikebe, akawasha taa ndogo mbele ya picha, akaweka hapo chakula cha siku kabla mtu hajaonja, kisha wakaketi wote wawili mkekani. Rodah aliita jina la Yesu. Lakini kila alipolitamka aliona benchi la mbele kanisani, na mikono ya wenzake kichwani mwake, na macho ya wifi yake Chepyegon yakimpima kama amepona. Akaziweka shanga mkekani.

"Siwezi, Mama. Nikimwita, wanakuja wote."

Mama Hansa hakuelewa mara moja. Alipoelewa, aligeuza macho kwenye picha.

"Huyu ni nani?" Rodah akauliza, akionyesha picha kwa kidevu. Ilikuwa picha ya kijana mwenye filimbi, na nyuma yake ng'ombe mweupe amemwegemea. "Mbona ni buluu?"

"Ile ni rangi ya wingu la mvua. Majina yake ni mingi. Mimi naita Govinda. Maana yake ni yule anachunga ng'ombe, anajua kila moja. Ikipotea anaitafuta."

"Mestowot," Rodah akasema. Kwao ndilo neno la mchungaji wa mifugo. Baba yake alikuwa hivyo, mtu aliyeweza kusimama kizingitini jioni, mvua ikinyesha, na kwa kusikiliza tu akajua ni ndama gani hajarudi. Rodah alitazama tena yule ng'ombe pichani. Alikuwa amefumba macho, kichwa begani kwa kijana, kama ng'ombe afanyavyo kwa mtu anayemjua.

Alisema jina la Govinda kwa sauti ndogo. Hakuna aliyekuja na jina hilo. Hakuna benchi, hakuna macho. Akalisema tena.

* * *

Haikuwa kama katika ushuhuda, ambapo mtu huanguka mlevi na kuinuka mzima. Jumamosi ya kwanza alizungusha shanga hadi mwisho, akazificha, akateremka hadi kwa mama muuza chang'aa kando ya kijito na kunywa. Jumatatu alimwambia Mama Hansa.

"Ulizungusha kwanza?"

"Nilizungusha."

"Basi leo tena." Na akampa karoti amenye.

Akaanguka tena, na tena, lakini kila mara kulikuwa na muda zaidi katikati. Alipochuma majani ya chai shambani kwao, siku ambazo hakwenda mjini, vidole vyake viliokota majani mawili na chipukizi, na kila alipookota alitaja jina. Alipofika kwenye njia ya kijito alitaja kwa haraka zaidi. Wakati mwingine alilia akitaja. Wakati mwingine alikasirika, akalitema jina lile kama tusi, ila hakuliacha. Mvua ndefu zilipokwisha, alishangaa siku moja akiwa njiani kurudi nyumbani kugundua kwamba amekwisha pita ile njia na hakuwa ameitazama.

Isaiah aliona kwanza chai. Chai ya mkewe ilirudi kuwa chai, ina maziwa, ina moto. Kisha aliona kwamba kabla ya kumimina, Rodah anainua birika kidogo mbele ya dirisha, anafumba macho, midomo inacheza.

"Unasema nini hapo?"

"Nashukuru."

Jibu hilo lilimtosha. Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya kanisa, kofia kifuani. "Wapendwa, mnajua nyumba yangu," akasema, na sauti ikamkatikia. "Mliona mkokoteni. Leo mama yenu ameketi pale. Mungu amejibu." Watu walipiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, na Chepyegon, dada yake Isaiah na kiongozi wa akina mama, akamkumbatia Rodah mbele ya wote.

Rodah alisimama ndani ya mikono hiyo kama mtu aliyevaa nguo ya kuazima. Njiani kurudi, alitaka kumwambia mumewe. Isaiah alikuwa akitembea mbele, mabega yamenyooka kwa mara ya kwanza baada ya miaka, akisalimia watu pande zote mbili. Akaacha.

* * *

Wiki moja kabla ya wageni wa Sigor, akina mama walikusanyika kwa Isaiah kuandaa. Wengine walipepeta wimbi, wengine walipaka ukuta wa jikoni udongo mpya. Rodah aliinuka kuinua sufuria, kile kifuko kikachomoka kiunoni na kuanguka miguuni pa Chepyegon.

Chepyegon alikiokota kwa wema, akitaka kumrudishia. Kisha akahisi kilichomo.

"Mama Chemutai, hii ni nini?"

"Ni yangu. Nipe."

Chepyegon alikuwa amekwisha kuzitoa. Shanga zilining'inia mkononi mwake mbele ya watu wote. "Ni ya Katoliki?" mmoja akauliza.

"Katoliki iko na msalaba. Hii haina." Chepyegon alimtazama wifi yake. "Ni ya yule Mhindi, sio?"

Rodah angeweza kusema ni mapambo. Alifungua mdomo aseme hivyo. "Ndiyo," akasema, akazichukua.

Jioni hiyo hiyo, jua halijatua, Mchungaji Zack alikuwa ameketi sebuleni kwao kwenye kochi lililofunikwa vitambaa vya kufuma. Hakuwa mtu mbaya. Ni yeye aliyewahi kumbeba Rodah kwa gari lake kumtoa kwenye mtaro, na hakumwambia mtu.

"Mama, hapa hakuna mtu anakuchukia," akaanza. "Tunauliza tu. Hizi shanga unafanya nazo nini?"

"Naita Mungu."

"Mungu gani?"

"Anaitwa Govinda. Ni mchunga ng'ombe. Mestowot. Hata Zaburi inasema."

"Usifananishe, mama. Tafadhali. Usifananishe."

"Rodah," Chepyegon akaingilia, na machozi yalikuwa ya kweli, "sisi tulifunga kwa ajili yako. Tulilia sakafuni. Leo tunasikia ni sanamu ya Mhindi ndiyo imechukua sifa? Ndugu yangu alisimama mbele ya kanisa!"

"Mlilia, najua. Lakini mkimaliza kulia mlikuwa mnaniangalia. Kila mtu ananiangalia kama nitaanguka. Yule mama haniangalii. Anafunga macho, na mimi nafunga." Rodah aligeuka kwa mumewe. "Baba Chemutai, sijaonja tangu mvua ndefu ziishe. Wewe unajua. Unalala na mimi, unanusa."

Isaiah alijua. Alikuwa anatazama mikono yake. Alifikiria makofi ya ile Jumapili. Alifikiria watu wa Sigor, ambao walikuwa wa kanisa moja nao na ambao sasa, kwa jinsi akina mama walivyoondoka mbio, huenda walikuwa wamekwisha kusikia.

"Ikiwa hatutamaliza hii leo," Mchungaji akasema polepole, "mimi sitaweza kusimama kwa hiyo koito. Na wewe, Mzee, kiti chako kwa baraza la wazee... si mimi. Ni watu watauliza."

"Mama Chemutai," Isaiah akasema. "Leta."

"Utafanya nini nazo?"

"Leta tu. Kwa ajili ya msichana."

Chemutai alikuwa amesimama mlangoni. "Baba, msiseme ni kwa ajili yangu," akasema. Lakini alisema kwa sauti ndogo, na Isaiah hakugeuka.

Rodah alimwekea mumewe shanga mkononi. Isaiah alikwenda nazo jikoni na kuzitia motoni mwenyewe. Ziliwaka upesi, kwa kuwa zilikuwa kuukuu na kavu, na zilitoa harufu nzuri. Hilo lilimkera. Alisimama hapo mpaka zilipokwisha, kisha akarudi na kusema kwamba mkewe hatakwenda tena kwa Mhindi. Mchungaji akaomba. Rodah alifumba macho pamoja na wengine.

* * *

Watu wa Sigor walikuja kwa magari mawili. Wazee waliketi pamoja wakaanza kuulizana ukoo kama desturi inavyotaka, taratibu, bila haraka. Rodah alikuwa amevaa gauni jipya la kitenge. Alikuwa mzima, na mursik, maziwa ya mgando ya kupokelea wageni, yalikuwa yamekaa vizuri kwenye kibuyu, yana rangi ya kijivu ya mkaa kama yatakiwavyo.

Alianza na mama wa kijana. Alimpigia goti, akampa kikombe kwa mikono miwili.

"Asante, mama," yule mwanamke akasema. Alikipokea, akakitazama, akakiweka chini ya kiti chake. "Nimefunga."

Rodah akaenda kwa shangazi wa kijana. Shangazi naye alikuwa amefunga. Aliyefuata alisema tumbo lilimsumbua njiani. Mpaka mwisho wa benchi, vikombe vilipangwa chini ya viti, vimejaa, na nzi wakaanza kuvijia. Hakuna aliyesema neno baya. Rodah alichukua kibuyu akarudi jikoni.

Baadaye kidogo alichungulia. Chepyegon alikuwa amepeleka sahani za kuku na wali, na mama wa kijana alikuwa anakula, akisifu chumvi.

Rodah alijaribu. Alisimama nyuma ya jikoni, akafumba ngumi na kulitafuta jina. Lakini vidole havikuwa na pa kwenda. Aliposema mara ya kwanza alisikia sauti ya Mchungaji, usifananishe, tafadhali. Mara ya pili akamwona Isaiah ameinama motoni. Sasa na huku pia walikuwa wamemfikia wote. Akaweka kibuyu chini, akashika njia ya kijito.

Isaiah aliitwa kando na binti yake wazee wakiwa katikati ya maneno.

"Mama hayuko."

"Ameenda kuchota maji."

"Baba." Chemutai alitazama upande wa kijito.

Isaiah alimkuta Rodah kati ya mistari ya michai, karibu na maji, amelala kifudifudi, amejitapikia. Alimgeuza. Macho yalikuwa wazi lakini hayakumwona, na pumzi ilikuwa inakuja kwa mbali. Alikuwa amekunywa kama mtu anayetaka kufika mahali. Isaiah aliita, hakuna aliyesikia. Basi akapiga magoti katika suti yake, akamvuta mgongoni, akainuka naye. Njia ya nyuma ilikuwa na mwinuko mkali asioweza kuupanda na mzigo. Ilibaki njia ya mbele.

Akapita katikati ya wageni akiwa amembeba mkewe, matapishi yakitiririka kwenye kola yake. Mzee mkuu wa Sigor alivaa kofia yake.

"Fungueni gari moja," Isaiah akasema. "Mtu anipeleke hospitali Kapkatet."

Hakuna aliyesogea haraka. Hatimaye ni yule kijana, bwana arusi, aliyetoa funguo mfukoni kwa baba yake bila kuomba.

* * *

Hospitalini Rodah alilazwa, akawekewa maji ya mshipa. Aliporuhusiwa alirudi nyumbani akiwa haongei. Alilala ameangalia ukuta. Mwili ulitetemeka, jasho likamtoka, na uji wa Chemutai ulikaa kando ya kitanda mpaka ukashika ngozi. Kutoka Sigor hakukuja neno, wala la kuendelea wala la kuvunja. Kijana alikuwa akimpigia Chemutai simu, naye alikuwa akienda kuipokea mbali, karibu na zizi.

Isaiah alivaa shati safi akaenda mjini. Alisimama kwa muda mbele ya duka la simu, akijifanya anatazama vifuniko vya simu, kabla ya kupita uchochoroni hadi mlango wa nyuma.

Mama Hansa alimfahamu. "Vua viatu," akasema.

Soksi yake ilikuwa na tundu, kidole kikubwa nje. Alikaa mkekani akikificha chini ya mguu mwingine.

"Rodah ni mgonjwa," akasema. "Nimekuja... kama uko na zingine. Zile shanga. Nitalipa."

"Mmechoma."

"Ndiyo."

"Nani alichoma?"

"Mimi."

Mama Hansa aligeuza uso. Ilionekana kama anatafuta kitu kwenye rafu, lakini hakuwa anatafuta kitu. "Zile ni za mama yangu," akasema. "Alikuja nazo kwa meli. Alikufa nazo mkononi, hapo, kwa hicho chumba. Nilimpatia Rodah kwa sababu mimi sina msichana hapa. Na wewe umetia kwa moto kama kuni!" Sauti yake ilipanda hadi wauza simu wakanyamaza upande wa pili. "Hata hukuniletea! Kama hutaki kwa nyumba yako, si ungeniletea?"

Isaiah alikuwa amewahi kukemewa na wazee, na maafisa, na baba yake, lakini hajawahi kukemewa na mwenye haki kiasi hicho.

"Pole, Mama."

"Pole." Alifuta macho kwa pindo la sari. Baadaye akasema, kwa sauti ya kawaida, "Sina ingine. Na hata kama iko, hiyo si panadol. Wewe unataka nikupe kitu, umpelekee, halafu uende kazi yako. Si hivyo. Mtu anakaa na yeye. Asubuhi, kila asubuhi. Mnaosha mikono, mnawasha taa, mnaweka hata maji tu kama hakuna kitu, na mnaita. Kwa kupenda. Si kama polisi."

"Mimi ni Mkristo. Siwezi kuita mungu mwingine."

"Mimi nimesema uite? Ita wako. Lakini ita na yeye, kando yake, na funga macho."

Alimpa chai, na kabla ya kumpa aliiweka kwanza mbele ya picha. Isaiah aliinywa. Alikuwa amekwisha kuimaliza nusu ndipo alipokumbuka kwamba huenda ni dhambi.

* * *

Asubuhi iliyofuata ilikuwa Jumapili. Chemutai alikuwa anakamua. Isaiah aliosha mikono, akawasha kibatari ingawa jua lilikuwa limeshaingia dirishani, akaweka kikombe cha maziwa kando yake. Akaketi sakafuni karibu na kitanda. Baraza la wazee lilikuwa limepangwa kukutana kabla ya ibada kuzungumza habari zake, na Chepyegon alikuwa ametuma ujumbe kwamba atampitia waende pamoja.

"Mama Chemutai," akasema.

Mgongo wa Rodah haukusogea.

Akaanza kuomba kama alivyozoea. Alipofika kwenye jina la Yesu, aliona bega la mkewe likipanda na kukaza, kama mtu anayengoja kupigwa. Alisimama katikati ya sentensi. Hakuwa amewahi kuliona jambo hilo, ingawa alikuwa amemwombea mara nyingi kuliko mtu yeyote. Alikuwa akiomba amefumba macho, na baada ya kufumbua, akimtazama kama amepona.

Alisogeza kikombe cha maziwa karibu na taa. Kisha, kwa sauti ambayo mwenyewe hakutaka kuisikia, akasema, "Kofinta."

Hakuna kitu.

"Kofinta," akasema tena. "Kofinta."

"Si hivyo." Sauti ya Rodah ilikuwa imekwaruza, ikitokea ukutani. "Go-vin-da."

"Ko-fin-ta."

"Wacha. Usiseme kama hutaki."

"Sitaki," Isaiah akasema. "Naogopa. Lakini nitasema."

Rodah alijigeuza taratibu. Midomo ilikuwa imepasuka, macho yameingia ndani. Alimtazama mumewe aliyeketi sakafuni na kibatari kinachowaka mchana. Hakutabasamu. Alitoa mkono chini ya blanketi, akaushika mkono wa Isaiah, na kwa kidole gumba akaanza kuhesabu juu ya vifundo vya vidole vyake, kimoja kimoja, kama shanga. Wakaanza pamoja, yeye kwa pumzi tu, Isaiah kwa ulimi wake mzito.

Nje, lango lililia. "Hodi!" Chepyegon aliita. "Baba Chemutai! Wazee wanangoja."

Kidole cha Rodah kilisimama. Akaanza kuurudisha mkono wake chini ya blanketi.

Isaiah aliushika. Alifumba macho. Nyayo za dada yake zilisikika kwenye kokoto, zikakaribia dirisha, na yeye akalitamka lile jina kwa sauti, vibaya, kwa nguvu zaidi, na tena, na tena, mpaka nyayo zikasimama.